Vitunda vya Kijitoni na Shati Jeupe

Chekeni kabisa leo, jamani, mmalize, maana aibu hii nikiisimulia mara ya pili nitahama Tunduma.

Siku hiyo tulipanda milima ya Ileje, mimi na mjomba, kupeleka posa kwa kina Neema. Mjomba ndiye mshenga. Tulipokaribia akaniambia nibaki kijitoni mpaka niitwe, "na utulie, wasikuone unahangaika." Kutulia gani? Nikakaa, nikasimama, nikatazama simu, nikakaa tena (baba mkwe nilishaambiwa ni mkali), na pembeni yangu kichaka cha miiba kimejaa vitunda vyeusi, nikachuma kimoja kutuliza roho, kimoja kikaita kingine, mara nachuma kwa mikono miwili, na vingine nikatia mfuko wa shati, shati jipya, jeupe, nimwekee Neema.

Simu ikaita. "Njoo upesi, wanakusubiri!"

Kutazama mikono, zambarau mpaka kwenye kucha! Kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche kimesahauliwa pale kwenye jiwe, nikasugua, na badala ya kutoka, rangi ikageuka bluu, nikajua nimekula sumu. Nikakimbia mpaka uani kwao, nikaona mlimau, nikakumbuka mama hutoa madoa kwa limau, nikajikamulia mikono na midomo, maji mengine yakachuruzika mpaka mfuko wa shati. Ikawa nyekundu kama damu.

Nikaingia hivyo hivyo. Mjomba yuko katikati ya kunisifu, "kijana wetu mtulivu, hana papara," nami nikajikwaa kwenye mkeka nikaanguka kifudifudi, na nilipoinuka mama mkwe akapiga yowe: "Yesu wangu! Kachomwa kisu!"

Kifua chote chekundu. Baba mkwe kasimama, mjomba kafunika uso, na mimi naiona ndoa yangu inaondoka.

"Nani kakuchoma?"

"Hakuna, baba. Shikamoo. Ni matunda ya kijitoni. Nilikuwa na wasiwasi."

Mama mkwe akauliza polepole, "Yote umekula peke yako?"

Nikatia mkono mfukoni, nikatoa uji. "Haya nilimwekea Neema."

Huko jikoni Neema akaangua kicheko mpaka sufuria ikaanguka, na baba mkwe akajaribu kununa, akashindwa.

Posa walipokea. Lakini mpaka leo nikienda ukweni mzee hukagua viganja vyangu kwanza ndipo aitikie shikamoo, na mimi nimeapa: nikiambiwa nisubiri, nasubiri mikono mfukoni, na mfuko wenyewe uwe mtupu.