Bi Ngoja na Diski ya Mama Mkwe

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni fundi wa kompyuta, na mkiona mikono yake myepesi mjue imerithiwa wapi. Mimi nimetengeneza redio tangu enzi redio ina uzito wa mbuzi. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, tusigombane kwa hilo. Lakini kushika chuma cha lehemu nilimfundisha mimi, akiwa bado anapanda kigoda ili aifikie meza. Nikilisema hili dada yangu huguna. Na agune.

Mtaani wanamwita Bi Ngoja. Mpelekee kompyuta inayotoa moshi, atakwambia, "Ngoja kwanza." Nikimtania kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, ananijibu, "Tumbo la nani, Mjomba? Lako lina nafasi." Kibodi ya meza yake ya kazi ni kibogoyo. Amekichomoa kile kitufe kikubwa cha kukubali, anakiweka mfukoni mwa aproni. Anasema kompyuta ina adabu ya tapeli: inakuuliza kwa upole kabla ya kukumaliza, na watu hujibu ndiyo kabla hawajasoma swali. Ukitaka kukubali jambo mezani kwake, sharti akitoe kitufe mfukoni, na mpaka akitoe ameshasoma mara mbili.

Sasa, mama mkwe wake ni mshonaji. Siku ya harusi aliwaambia wageni, nami nikisikia, "Mwanangu ameoa bisibisi." Dukani kwa mpwa wangu hakuwahi kukanyaga. Kwa hiyo asubuhi moja alipotokea mlangoni na mkoba ameukumbatia kifuani, nilijua kuna jambo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha mshauri mkuu, cheo nilichojipa mwenyewe na ambacho hakuna aliyewahi kunivua.

"Karibu, mkwe," nikasema. "Leo jua limetokea wapi?"

"Pale pale, mkwe. Wewe ndiye hujawahi kuamka ukaliona."

Akamgeukia mpwa wangu. "Nimekuja kwa fundi," akasema. Hakusema kwa mkwe wangu. Akatoa diski, chuma kitupu kilichoviringishwa kwenye kipande cha bitana.

Niwaeleze ilibeba nini. Wateja wa mama huyu ni wale ambao maduka ya nguo hayakuwafikiria: mwenye bega moja lililoshuka, mwenye kibyongo, aliyekatwa titi hospitali. Kila mmoja hupimwa mara moja tu, nyuma ya pazia, mlango umefungwa. Ruwaza yake inachorwa na kutunzwa, na nguo nyingine ataagiza kwa simu, havuliwi tena. Panya walipoanza kuzila ruwaza za karatasi, akazihamishia zote kwenye diski moja yenye kufuli la neno la siri, maana miili ya watu si gazeti. Halafu soketi ya waya ikalegea. Fundi wa mtaa wa pili akaitoa diski kwenye ganda lake la plastiki, akaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta.

"Akaniambia ni tupu," mama akasema. "Ati haina hata patisheni moja. Sasa niwaite wale mama? Niwaambie njooni mvue tena?" Akawa anakikunja kile kitambaa cha bitana ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Bi Ngoja akaichomeka. Kioo kikaandika: *Diski hii haijaandaliwa. Iandaliwe sasa?*

"Si inauliza vizuri?" mama akasema. "Iambie ndiyo."

Nami mshauri mkuu nikanyoosha kidole kusaidia. Kidole kikatua kwenye tundu.

"Mjomba!"

"Nilikuwa nafuta vumbi."

"Kuandaa ni kufuta, Mama," mpwa wangu akamwambia. "Patisheni ni kama vyumba. Kompyuta imetafuta milango haikuiona, basi inataka kubomoa nyumba ijenge upya. Ngoja kwanza."

Akafungua programu inayoonyesha kilichoandikwa kwenye diski, herufi kwa herufi. Ilikuwa fujo tupu, kama kuku amekanyaga wino. Akashuka chini, fujo. Akaruka hadi katikati, fujo. Mwishoni kabisa, fujo ile ile. Mama akafumba macho. Mpwa wangu akatabasamu, nikadhani amechanganyikiwa.

"Diski tupu huwa na sifuri, na iliyoharibika huwa na mapengo," akasema. "Hii imejaa pote, haina hata upenyo. Haijaharibika, imefungwa. Kompyuta haioni vyumba kwa sababu hata milango imefichwa. Mama, lile ganda lake liko wapi? Ndani yake mlikuwa na kibao kidogo chenye soketi?"

"Ganda si uchafu tu?"

"Ndilo lenye kufuli. Kila kinachoingia kwenye diski hupitia kwenye kile kibao, na kibao ndicho kinachokigeuza fujo. Bila kile kile, hata neno la siri halina pa kuandikwa."

Mama akakaa. Akaufungua mkoba polepole, akatoa ganda jeusi, akalitikisa. Likalia kama kayamba.

"Natunzia pini," akasema.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Hakuna aliyenifuata. Bi Ngoja alikuwa ameshazimwaga pini kwenye sahani na kulimulika ganda. Kibao kilikuwamo bado, kwenye skrubu zake, soketi ikining'inia kwa mguu mmoja.

Aliinakili diski kwanza, fujo kwa fujo, tukanywa chai hadi birika likakauka. Ndipo akashika chuma cha lehemu, nami nikamshikia taa. Mama mkwe alisogea hadi pumzi yake ikamfikia mpwa wangu shingoni, akiangalia soketi mpya ikikaa, tone moja la lehemu kwa kila mguu.

"Mishono midogo hivyo," akasema taratibu. "Na hutetemeki."

"Mwalimu wake ni mimi," nikasema.

"Shika taa, mkwe."

Waya ukachomekwa. Taa ya ganda ikawaka buluu, na kioo kikaomba neno la siri. Sijawahi kufurahia swali namna ile. Mama akaniamuru nigeuke. Nikageuka, nikatega sikio. Akamnong'oneza mpwa wangu, mpwa wangu akapasuka kicheko, kisha kitufe kikatoka mfukoni na kurudishwa mahali pake. Ko! Vyumba vyote vikajitokeza.

Mama akafungua ruwaza moja. "Bega la kushoto," akasema, akigusa kioo. "Hili hapa. Hili hapa, mwanangu." Akashusha pumzi ambayo nadhani aliishikilia tangu mtaa wa pili.

Siku hizi anakuja kila wiki na diski ya akiba, na pini zake zina kopo. Aproni mpya ya Bi Ngoja kaishona yeye, na ina mfuko mdogo wenye kifungo, kipimo cha kitufe kimoja tu. Nami nimejaribu soda, nimejaribu kubembeleza, nimejaribu hata kununa. Lile neno la siri hawajaniambia mpaka leo, na wakiniona nimekasirika wanaanza kucheka upya, mama na mwanawe.