Simu Inayomsomea Mwantumu

Mwanangu Mwantumu haoni tangu alipougua surua utotoni, lakini hapa Bungu hakuna anayemshinda kusuka mikeka. Wateja humwagiza kwa ujumbe wa simu. Tabu ni kwamba simu yake ya vitufe haisemi, na mimi kusoma kwangu ni kwa kudonoadonoa, kwa hiyo jirani yetu Faudhia ndiye aliyekuwa akimsomea.

Mwezi wa Shaabani iliingia oda ya mikeka ya harusi kutoka Nyamisati. Faudhia akausoma ujumbe kimya, akasema, "Mtu anakusalimu tu." Kumbe kampigia mteja, kaisuka yeye! Tulijua siku mteja mwenyewe alipokuja kuichukua uani kwa Faudhia.

Ndipo tukaenda Kibiti kutafuta simu inayosoma. Muuzaji, Nassibu, alinitazama mimi.

"Mama, mchukulie kitochi. Simu ya kupangusa ataiona wapi?"

"Niulize mimi, kaka," Mwantumu akasema. "Macho ndiyo mabovu, masikio ninayo."

Nassibu akacheka. Akatoa simu inayong'aa, akaisalimu, nayo ikamjibu. "Haya, hii inaongea!"

"Hiyo inapiga soga. Mimi nataka inayonisomea ninachokigusa. Nipe mkononi."

"Ukiidondosha je, dada?"

Damu ikanichemka. Vijana walikuwa wameegemea kaunta wakizipekua simu zile zile, na hakuna aliyewaambia neno. "Hao mbona wanashika? Au vidole vyao vya dhahabu?"

Nassibu akazisukuma mbele kwa shingo upande. Mwantumu akazipitia kama anavyopitia ukili wa mkeka kutafuta mwaa uliolegea. Anabana vitufe vya sauti vyote viwili ili kuamsha usomaji, anasubiri. Ile ya kung'aa ikabaki bubu. Nyingine ikasoma neno, ikakwama. Ya mwisho, nene, imekwaruzika kwa kukaa kwenye kaunta ya maonyesho, ikamsomea Kiswahili kila alipogusa.

"Hii."

"Hiyo haina sura, dada."

"Sura utaangalia wewe."

Jioni yake Faudhia huyo mlangoni, hana hata haya. "Nimesikia mlio wa ujumbe. Leteni niwasomee."

Mwantumu alishachomeka visikilizio masikioni. Kidole kikatembea juu ya kioo, uso ukamchangamka. Hata mimi mamaye niliinama, nisisikie kitu.

"Nani huyo?" Faudhia akauliza. "Wa wapi?"

Mwantumu akanyoosha miguu, akavuta miyaa yake.

"Mtu ananisalimu tu."