Mbwa wa Nyegere

Juzi pale mji mdogo wa Salama nilisimama kununua machungwa, nikaona mbwa wa mwili mrefu, miguu mifupi, akichungulia dirishani mwa gari la watu. Rafiki yangu, moyo ukanirudisha utotoni, kijijini Kyuso kwa Nyanya, msimu wa ndengu.

Shangazi alikuwa yaya Nairobi. Waajiri wake walipohama nchi walimwachia mbwa wao, naye akamleta kwetu kwa kukosa pa kumweka. Jirani yetu, mrina asali, alicheka hadi akashika kiuno. "Mama, hii ni mbwa ama kenge?"

Mimi nilimpenda papo hapo. Lakini alichimba! Alifukua mistari ya ndengu ikiwa kwenye maua, udongo mwekundu ukimjaa masikioni. Nyanya akaapa kwamba Shangazi akija Jumapili ataondoka naye.

Kisha mwalimu wetu akapita kunywa chai. Alimtazama yule mbwa, akasema aina yake huitwa dachshund, jina la Kijerumani: mbwa wa melesi. Melesi ni mnyama wa Ulaya aishiye mashimoni, wa ukoo mmoja na nyegere wetu. Mbwa hawa walifugwa wakawa wafupi ili waweze kumfuata shimoni.

Nyanya aliweka kikombe chini. Nyegere alikuwa amemwangushia mizinga, akala asali na watoto wa nyuki. "Kumbe nimeletewa askari!"

Asubuhi alimpeleka mbwa mtoni, kwenye shimo la nyegere chini ya miti ya mizinga. Niliwafuata nikilia. Jirani naye alimsihi. "Mama, hiyo kitu hata simba huiogopa."

"Si umesikia jina la huyu mbwa?"

Mbwa akanusa, akaingia. Mchanga ukaruka nyuma yake, kisha ukaja mngurumo kutoka chini, na harufu ya kukaba koo. Hakurudi nyuma. Mkia na miguu ya nyuma tu ndivyo vilivyobaki nje, vikitetemeka.

Nyanya akajitupa kifudifudi mchangani, akaishika ile miguu, akavuta. Mbwa alitoka pua imepasuka, bado anataka kurudi.

"Wewe mjinga," Nyanya alimwambia akimfunga kwa leso. "Nani alikutuma huko?"

Jirani alitazama pembeni. Nyanya akambeba mgongoni kama mtoto, hadi nyumbani.

Jumapili Shangazi aliondoka peke yake.

Miti ile imeishia kuwa makaa, na mchanga wa mto umebebwa na malori. Mbwa alizeeka akafa, Nyanya akamfuata. Ila bado nawasikia wageni wakimuuliza ile ni mbwa aina gani. Hakutaja Ujerumani wala nyegere.

"Hiyo? Hiyo ni ya hapa kwetu."

Siku hizi mimi ndiye huulizwa mjini ni wa wapi, na kila mara nasitasita. Natamani angekuwepo mtu wa kunijibia hivyo.