Siku Mama Mkwe Aliponivuta kwa Mshipi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nilianza kubeba mizigo Nakivubo, hapa Kampala, sina hata viatu, shule niliishia la nne, na leo nina maduka mawili ya spea za lori na nyumba ya ghorofa Kisugu, kwa hiyo mtu akiniambia "subiri uone" huwa nacheka tu. Basi chekeni na nyinyi, maana siku hiyo niliaibika mpaka nikatamani maji yanimeze, na maji yenyewe yalikuwa yameshaanza.

Nilimpeleka mke wangu na mama yake kupiga kambi kwenye bustani moja ya chemchemi kando ya mto (nilitaka mama mkwe aone binti yake hakuolewa na mtu wa hivi hivi). Mimi Mnubi, wao Waganda, na kwao mwanamume na mama mkwe wake hawagusani hata kwa bahati mbaya. Mkigusana, wanasema, mikono inaanza kutetemeka na haiachi mpaka kufa. Kwa hiyo hema letu upande huu, lake upande ule, na gari katikati kama mpaka wa nchi.

Asubuhi mke wangu akaenda kuoga, na mama mkwe, akiangalia pembeni kama desturi, akasema anatamani kuonja maji ya chemchemi. Nikachukua jerikeni. Mlinzi aliyekuwa anapita akaniambia, "Mzee, teka kwenye bomba, huko kwenye jicho la chemchemi kuna kina," akaenda zake kufungua geti.

Bomba? Kwani Kisugu hakuna bomba? Nikachungulia: mawe ya chini nayaona moja moja, mpaka visamaki. Sasa mimi maji ninayoyajua ni ya mfereji wa Nakivubo ukifurika, na yale ukiona chini, ujue yanakufika kwenye kifundo cha mguu. "Haya ya kunyweshea kuku," nikasema, nikatia mguu na kiatu changu cha ngozi.

Nikaenda chini mzimamzima! Baridi ile, banange! Nilipoibuka, jerikeni (ilikuwa na akili kuliko mimi) inaelea zake kuelekea mtoni, na mimi kuogelea sijui, nani angenifundisha, na lini?

Aliyekuwa karibu ni mama mkwe tu. Akaja mbio, akanyoosha mkono, akaurudisha kama aliyegusa jiko. Na mimi nazama huku napiga kelele, "Mama, usiniguse! Mama, nisaidie!" yote mawili kwa pamoja. Wanakwaya wa Kikongo, akina mama watupu, waliokuwa kambi ya jirani wakafika na miiko mikononi, mmoja akalia, "Mama, mumushike mukono, baba anakufa!"

"Nikimshika nitatetemeka mpaka kaburini!" mama mkwe akajibu, na papo hapo akafungua mshipi wa gomesi yake, lile gauni refu la Kiganda, akanirushia. Nikaukamata. Wale akina mama wakajipanga nyuma yake, wakavuta kwa kuimba, na gomesi bila mshipi haikai, ikafunguka yote, mama mkwe akabaki na kikoi cha ndani mbele ya kwaya nzima, na hakuachia.

Nikafika ukingoni nikakumbatia kitu, sijui nini, macho yamejaa maji. Njia nzima mpaka Kampala sikuwaza kwamba nusura nife, niliwaza kile kitu. Kama ni mguu wake? Niliogopa kuuliza.

Wiki iliyofuata akaja kwetu Kisugu, akakaa chumba cha pili, akaletewa chai imejaa mpaka juu. Nikachungulia kwenye pazia. Akainua kikombe, akanywa, akakirudisha. Hakumwaga hata tone!

"Mkwe," akaliambia pazia, "acha kunipeleleza. Ulishika sapatu yangu, ikavuka mguuni, na maji yakaondoka nayo."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Maji sitayapima tena kwa macho, nimekoma. Na mimi ambaye sijawahi kumlipa mtu bei yake ya kwanza, kesho yake nililipa bila kubishana, gomesi mpya, mshipi wake, na sapatu pea moja: shilingi laki mbili na thelathini na nane elfu na mia tano.