Vyungu Vilivyolazwa Ubavu

Mtaa mzima ulimwita Mama Miiba, naye hakuweka kinyongo, maana jina lenyewe alilitafuta kwa mikono yake. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, cherehani chini ya dirisha, lakini roho yake ilikaa juu kibarazani, kwenye rafu za mbao zilizojaa mimea ambayo mtu mwingine angeifagia akidhani ni mabaki ya ujenzi. Kulikuwa na kaktasi lenye nywele nyeupe kama kichwa cha babu, na jingine lililojikunja kama ubongo. Kulikuwa na vijimea vinene visivyo na shina, vinavyofanana kabisa na kokoto zilizopasuka katikati. Hivyo aliviita vijiwe vyake. Ila vilivyompa presha hasa ni vitunguu vya maua, vidogo kama punje za maharage, kila kimoja na jani lililojiviringa kama springi. Kimoja alikiotesha mwenyewe kwa mbegu, na miaka yote hiyo kilikuwa hakijamwonyesha ua hata la kumzuga.

Mumewe alikuwa fundi bomba, watu wakimwita Spana.

"Mungu ana utani," alipenda kuwaambia wageni. "Mimi nashinda nikifukuzana na maji, halafu ananipa mke anayefuga vitu vinavyoogopa maji!" Kisha anamgeukia mkewe. "Na mkono wa birika huo, haki ya nani. Hata maji unayabania."

Wageni wanavunjika mbavu, naye Mama Miiba anajitia kununa.

Mimea ile ina msimu wake wa kulala. Majani ya vitunguu hukauka hadi ukadhani vimekufa, kumbe vimejikunyata mchangani vinangoja. Wakati huo maji ni sumu. Kitunguu kilicholala kikinyweshwa kinaoza. Ndiyo maana msimu huo ukifika, Mama Miiba alivilaza vyungu ubavu, kama wafanyavyo wenzake wenye wazimu huo, ili hata mtu akijisahau asivimwagilie. Alimfundisha mumewe wakati ndoa bado changa, alipokuwa anakwenda kujifungua binti yao. Spana alikitunza kibaraza bila kosa, akikariri kama mtoto wa darasa la kwanza: "Kilichosimama kinakunywa, kilicholala kinaachwa."

Halafu Spana akaanza kusahau. Mwanzoni ilikuwa kichekesho, anatafuta spana huku ameishika. Kisha akaacha bomba la mteja wazi, akarudi zake nyumbani, na sebule ya watu ikageuka bwawa. Binti yao akaja, akamwambia kwa upole kwamba kazi basi. Mzee akabaki kitini, mikono mapajani, vidole vikizungusha nati isiyokuwepo. Kitu kimoja tu kilikataa kumtoka. Kila asubuhi alijaza kopo la kumwagilia, akapanda kibarazani, na alipokuwa anashuka uso ulikuwa wa mtu aliyetoka kazini. Mama Miiba hakuwa na moyo wa kumnyang'anya hilo. Alimfuata nyuma nyuma akimwonyesha pa kumwaga na pa kuacha.

Asubuhi moja, katika msimu wa kulala, hakumfuata. Shule zilikuwa zinafunguliwa, wazazi wamejaa mlangoni, kila mmoja anataka sare yake sasa hivi. Alipopata upenyo akapanda ngazi mbio, na akakuta vyungu vyote vimesimama. Vimenyooshwa mstari kama mabomba ya ukutani. Maji yalikuwa yanachuruzika rafuni hadi sakafuni.

"Upepo wa jana ulikuwa mbaya," Spana alisema, anajifuta mikono kwenye suruali. "Uliviangusha vyote. Lakini usijali, mke wangu, nimevisimamisha na nimevipa maji ya kushiba. Vilikuwa na kiu, maskini."

Mama Miiba alipiga kelele hadi wazazi kule chini wakanyamaza. Alimwambia ameua, kwamba heri angevunja nyumba nzima, kwamba amechoka naye. Spana alimsikiliza ameinamisha kichwa.

"Nisamehe," alisema. "Sitarudia tena." Na ilionekana wazi kwamba hajui amekosa nini.

Vitunguu vilifukuliwa, vikaanikwa juu ya gazeti, lakini wapi. Kile cha mbegu alipokibonyeza kilipasuka, na harufu ikamjaa puani. Ndani, katikati ya uozo, kulikuwa na chipukizi la ua, dogo kama kichwa cha pini. Kilikuwa kimejiandaa. Mama Miiba aliketi sakafuni akalia, na hakujua analilia kitunguu au analilia kile kichwa kilichokuwa kinainama mbele yake.

"Tia kufuli, mama," binti alishauri. "Mbona rahisi?"

Akatia kufuli mlango wa kibaraza. Spana akasimama mlangoni na kopo lake limejaa, akatikisa kitasa, akatikisa tena. Kisha akarudi kitini. Chakula hakukigusa, siku hiyo wala iliyofuata.

Hapo Mama Miiba akamwita shoga yake muuza miwani, aliyekuwa akipeana naye mbegu tangu ujanani, akamwambia abebe vyote vilivyosalia.

"Vyote? Una akili kweli wewe? Haya ni maisha yako."

"Beba, shoga, kabla sijaghairi."

Gari lilipoondoka, akaenda kwenye jengo linalojengwa nyuma ya mtaa, akaokota kokoto, akichagua zile zilizopasuka katikati. Akazipanga kwenye vyungu vitupu, juu ya mchanga, kisha akaondoa kufuli. Kuanzia hapo Spana akawa anamwagilia mawe kila asubuhi, anashuka amechangamka, anakula, anaomba aongezwe. Mama Miiba alikaa kwenye cherehani akisikiliza maji yanamwagika kibarazani, juu ya kichwa chake. Alivikumbuka vitu vyake hadi mwili ukamuuma, na hakumwambia mtu.

Msimu ukazunguka. Asubuhi moja kopo halikusikika. Alipanda ngazi akihofia kumkuta ameanguka.

Spana alikuwa mzima, amechuchumaa. Vyungu vyote vilikuwa vimelazwa ubavu, midomo imeelekea ukutani, na kokoto chache zilizomwagika amezikusanya pembeni kwa adabu. Kopo lilikuwa limefunikwa kifudifudi. Alipomwona mkewe aliweka kidole mdomoni.

"Polepole. Vimelala." Akatabasamu, tabasamu lake lile la zamani la kumchokoza. "Kilichosimama kinakunywa, kilicholala kinaachwa. Ulidhani nimesahau, eti?"

"Hujasahau, mume wangu."

"Na hiki ndicho kile chako cha mbegu." Aligusa kokoto moja ya kijivu kwa ncha ya kidole. "Msimu ujao kinatoa ua, we subiri. Kikiamka uniite. Nataka nilione."

Mama Miiba aliinama akaitazama kokoto ile.

"Nitakuita," alisema.

Spana akainuka, akamshika mkono, wakaanza kushuka ngazi. Alikuwa ananyata, na kila mkewe alipokanyaga kwa nguvu alimminya vidole kumkumbusha asiviamshe.