Kokoto za Kukanyaga Bila Viatu

Nimekaa Bangwe tangu niolewe kutoka Kalinzi, na nimeona watu wakinunua vitu kwa kila aina ya mbwembwe, lakini mtu anayevua viatu kila akifika kwenye fungu la kokoto nimemwona mmoja tu. Ni jirani yangu Shadia, anayeuza vitenge soko la Mwanga. Mwaka huu alimaliza nyumba yake hapa mlimani juu ya ziwa, nyumba nzuri ya madirisha ya vioo, akabaki na uwanja wa udongo mwekundu ulioinama kuelekea barabarani. Mvua ikinyesha, uwanja ule ulikuwa hauna adabu. Mimi mwenyewe uliwahi kunikalisha chini na ndoo yangu ya maji, watu wanatazama.

Shadia hakuutaka uwanja mzuri kwa ajili ya kupiga picha. Alikuwa anamtaka mama yake. Bi Dunia amezeeka, na alikuwa akiishi peke yake kwenye chumba cha kupanga kule Kibirizi, jirani na mwalo wa wavuvi ambako ameanika dagaa tangu wazazi wake walipovuka naye ziwa kutoka Kongo. Masika iliyopita alianguka chumbani, akalala sakafuni mpaka kulipokucha, majirani ndio waliomkuta. Tangu siku hiyo simu ya Shadia ikiita tu, anaikimbilia. Alishamleta mama yake Bangwe mara mbili. Mara zote mbili bibi alikaa kwenye kochi amekunja mikono, anachungulia tope dirishani, na kesho yake akadai nauli ya kurudi.

"Kwako nimefungwa," alimwambia bintiye. "Hata kutoka nje siwezi. Nikae nikitazama pazia?"

Basi Shadia akaamua kwamba adui ni tope. Akaanza kutafuta kwenye simu picha za nyanja za watu zilizomwagwa kokoto, zenye maua pembeni na njia ya kupita, na kila picha lazima aje kunionyesha gengeni kwangu nikiwa napanga nyanya. Mwanzoni nilimcheka. Baadaye nikajikuta naulizia mwenyewe kama kuna picha mpya.

Siku ya kwenda kuchagua nilifunga genge nikapanda naye kirikuu, kale kagari ka mizigo, pamoja na fundi Erasto, tukaanzia Mwandiga. Erasto alitupeleka kwenye kokoto za mashine, za kijivu, zenye kona kali.

"Kwa uwanja wa mteremko hizi ndizo zenyewe," alisema. "Zinashikana. Hata gari lipite, hazihami."

Shadia akavua viatu, akapanda juu ya fungu. Alipiga hatua moja, uso ukakunjamana, akashuka. "Zinachoma. Mama yangu havai viatu, fundi. Kandambili zenyewe anazivaa akienda hospitali."

"Dada, hii ni kokoto, si zulia."

"Najua. Tuone nyingine."

Tukaona changarawe nyekundu. Hizo zilikuwa laini mguuni, lakini alipouinua mguu, unyayo wote ulikuwa mwekundu. Akasema hilo ni lile lile tope, limebadilisha nguo tu. Tukaona mawe meupe yaliyopasuliwa, yale ya kwenye picha hasa, nami nikayapenda pale pale. Shadia akayatazama juani, akafumba macho. Macho ya Bi Dunia yameshachoka, na jua la Kigoma mnalijua. Uwanja mweupe ungemfukuza kabla ya tope kumfukuza. Erasto akaanza kutazama saa yake kwa namna ya kutaka tumwone akitazama.

Tulipokuwa tunarudi ndipo nilipoliona mimi fungu lenyewe, na hilo sitamwachia mtu mwingine sifa yake. Pembeni mwa barabara mama mmoja alikuwa na mafungu ya vijiwe vya mtoni, vilivyochekechwa vikaoshwa, vya duara, vikubwa kama maharage. Nikamwambia dereva asimame. Yule mama alichota maji kwenye ndoo akavimwagia, na rangi zote zikatoka: kahawia, kijivu, nyeupe, na mawe mengine yenye ukijani wa maji ya ziwa asubuhi. Shadia alikuwa ameshavua viatu, anakwenda na kurudi juu ya fungu, anacheka peke yake.

"Rozalia, njoo ukanyage. Njoo uone."

Nikakanyaga. Vilikuwa vinakuna nyayo vizuri mno, nikakataa kushuka.

Erasto akasema vijiwe vya duara kwenye mteremko ni kujitafutia kazi ya kuviokota barabarani kila mvua ikinyesha. Wakabishana njia nzima, kisha wakakubaliana. Erasto aliukata uwanja ukawa ngazi mbili pana zilizo tambarare. Kila ngazi akaizungushia kingo ya tofali za kuchoma, akatandaza zile changarawe nyekundu akazishindilia mpaka zikawa ngumu kama sakafu, ndipo vijiwe vikamwagwa juu, kina cha vidole viwili. Alisema ukizidisha, mguu unazama na mzee anaanguka. Ile mvua ya kwanza iliponyesha tulitoka nje kwa miavuli kutazama, watu wazima na akili zetu. Hakikuhama kijiwe hata kimoja. Shadia alimpigia Erasto simu kumwambia, naye akajibu kwamba alikuwa amelala.

Ijumaa ikawa siku ya kumleta Bi Dunia, kwa chakula cha mchana tu, maana zaidi ya hapo alikataa kuahidi. Shadia aliondoka asubuhi na Nasri, kijana wetu wa bajaji, akaniachia sufuria ya samaki, migebuka, niiangalie.

Sasa huku kwetu ziwani, mtu akimwaga vijiwe safi mahali penye jua na kuvizungushia kingo, maana yake inajulikana. Anafungua kianikio cha dagaa. Dagaa walioanikwa mchangani wanakwaruza meno na wanunuzi wanawakunjia pua, kwa hiyo kianikio cha vijiwe vilivyooshwa kikipatikana, habari inakimbia mwalo mzima. Sisi tulishinda na picha za simu, hakuna aliyelikumbuka hilo. Na usiku wa kuamkia Ijumaa hiyo, usiku wa giza usio na mwezi, dagaa walikuwa wamepatikana sana, chanja zote za kuanikia hapa mwaloni kwetu zimejaa.

Niligeuka kutoka jikoni nikakuta wanawake wanapandisha mlima na mabeseni kichwani. Wa mbele alikuwa Veneranda, Muha mwenzangu.

"Bwakeye, dada," akanisalimia, akatua beseni. "Mwenyewe yuko wapi? Tumeona pako wazi."

Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshamwaga. Nikapiga kelele kwamba hii ni bustani, ni mapambo, kuna mgeni anakuja. Wakanitazama kama mtu aliyeugua. Mapambo ya nini, na jua hili? Nilishika beseni moja upande huu, mwenyewe kalishika upande ule, tunavutana, na nyuma yangu wengine wanaendelea kumwaga. Uwanja wote ukawa unameremeta fedha, na harufu, jamani, ilikuwa imeshaingia mpaka chumba cha wageni. Ndipo nikasikia bajaji ya Nasri.

Shadia alishuka, akasimama. Akajishika kichwa kwa mikono miwili. Veneranda alielewa kwa kumtazama tu, akainama kuanza kukusanya, akiomba radhi kwa Kiha na Kiswahili pamoja.

Bi Dunia alikuwa bado ndani ya bajaji. Alishuka taratibu, akaacha kandambili pale pale, akapanda juu ya vijiwe. Akasimama kidogo, akasugua unyayo. Kisha akachukua dagaa mmoja, akambonyeza kwa kidole gumba.

"Nani kamwaga hivi, fungu fungu?" aliuliza. "Wa chini wataoza. Tandaza, mwanangu. Wasilaliane."

Veneranda akamtazama Shadia. Shadia akasema, "Fanyeni kama mama anavyosema."

Migebuka yangu ilipoa. Bi Dunia alikwenda huku na huku akiwa na kijiti cha kufukuzia kunguru, anageuza, anagombeza, anauliza huyu ni mtoto wa nani na yule ametoka kijiji gani, na wanawake wanamwitikia na kucheka. Nikajitia kiherehere na mimi, nikageuza dagaa mpaka kiuno kikaniuma, nimefurahi sijui kwa nini.

Jua lilipolegea Nasri alirudi kumchukua, kama walivyopatana. Shadia alileta mkoba wa mama yake mpaka kwenye bajaji, uso ameuelekeza ziwani. Bi Dunia alikuwa amechuchumaa anakung'uta dagaa kwenye ungo, wala hakuinuka.

"Nasri, mjukuu wangu," alisema, "nenda Kibirizi umwambie mwenye nyumba kwamba nimehama. Uniletee godoro langu."

"Mama," Shadia akasema, "unakaa?"

"Kesho hawa wanarudi na mzigo mwingine. Unataka wamwage tena fungu fungu, nani wa kuwaambia?"

Shadia alikaa chini pale pale juu ya vijiwe, na kitenge chake kizuri cha Ijumaa, akalia huku anacheka, amemshika mama yake mguu.

"Sogea huko," Bi Dunia akamwambia. "Umekalia dagaa wa watu."