Baba Hakulia

Kazi yangu chuoni, hapa Kindu, ni kusoma tafiti za watu wengine kuhusu ubongo, kuzilinganisha, kisha kuandika zinakubaliana wapi na zinabishana wapi. Wenzangu hunitania kwamba ninakula jasho la watu. Nawaacha wacheke. Mada yangu ni majeraha ya sehemu ya mbele ya ubongo, na niliichagua kwa hasira.

Wakati wa vita, askari mmoja alimpiga baba kitako cha bunduki kwenye paji la uso, ng'ambo ya mto Lualaba, kwa sababu ya baiskeli. Kidonda kilipona. Baba alitembea, alipiga hesabu, alijua majina yetu sote. Ila yule mtu aliyekuwa akiimba huku ananyoa ndevu hakurudi. Tulimshukuru Mungu kwa haraka mno.

Vita havijaisha, mdogo wetu wa mwisho akafa kwa surua. Dawa hazikuwa zikifika mjini. Kwenye kilio wanawake walikaa mikekani, mama sauti imemkauka. Baba akaja na sahani yake, akauliza mbele ya watu kwa nini sombe, mboga ya majani ya muhogo, haina chumvi. Halafu akacheka.

Kwetu, mzazi asiyemlilia mtoto wake watu hawamwulizi kitu, wanajua tayari. Baba mkubwa, kaka yake na kiongozi wa ukoo, alisema baba amemla mtoto kichawi. Kabla ya kilio kwisha baba alikuwa ameshafukuzwa. Hadi leo anaishi peke yake kwenye kibanda cha shambani, njia ya Kailo. Mama humpelekea chakula, na kila aliporudi aliniuliza vitabu vyangu vimesema nini. Alitaka jambo moja tu: mume wake alale nyumbani kabla mmoja wao hajafa.

Mwaka huu vitabu vilisema. Utafiti baada ya utafiti ulieleza watu walioumia kama yeye: hesabu wanajua, majina wanayakumbuka, lakini huzuni haiwafikii na aibu hawana. Nililia mimi, ofisini, mlango nimeufunga.

Nikaenda na mama kwa baba mkubwa. Nilimweleza kwa Kiswahili chepesi, nikamwonyesha kwenye paji langu mahali kitako kilipompata baba. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Macho yalimlowa. Alisema amemwonea ndugu yake miaka yote hii, na kwamba kesho asubuhi atatuma pikipiki ikamchukue.

Nilifurahi kijinga. Mama alisimama, akaanza kufunga kitenge chake vizuri, tayari kwenda kutafuta cha kupika.

"Ngoja kwanza," baba mkubwa alisema. "Kama haikukuwa ndugu yangu, sasa njo nani alikula mutoto?"

Nikasema ni surua. Nikarudia tena, surua. Yeye alikuwa anamtazama mama.